Mama Alipoyameza Maji ya Radhi

Msimu ule mama yangu mdogo alipolala kitandani asiinuke, kazi yangu kubwa ilikuwa kutembea. Natoka nyumbani na bakuli la uji limefungwa kitambaa, nakata katikati ya mikorosho, nafika kwake, namlisha, namgeuza, nafua mashuka yake, narudi. Korosho zilikuwa zinadondoka, kwa hiyo nikirudi nainama tena kuokota mpaka kiuno nakiona si changu, nimeazimwa tu. Njiani ndiko nilikopumzika, maana mimi ni mtu wa kuota huku natembea. Nilikuwa najenga duka la ushonaji kichwani, kule Mikindani karibu na maduka ya Wahindi wanakouza vitambaa. Nalipaka rangi, naweka kioo kirefu cha wateja kujitazamia, na nikifika kwa mama mdogo duka limekwisha, bado bango tu. Kesho yake naanza upya kwenye msingi.

Pamoja na uji nilikuwa nabeba maneno, na hayo ndiyo yaliyokuwa mazito.

Mama na mama mdogo ni ndugu wa tumbo moja, wawili tu, na walikuwa hawasemeshani. Haukuwa ugomvi wa kutupiana maneno bombani. Ulikuwa wa kimyakimya. Wakikutana msibani, mama anawasalimia wote waliokaa mkekani kwa mpigo mmoja ili asilazimike kumsalimia mtu mmoja. Kuku wao walichanganyikana, watoto wa jirani walikula kwa huyu wakanywa kwa yule, na mimi nililelewa na wote wawili. Wao wenyewe walipitana kama watu wa mji mkubwa.

Chanzo ninakijua, nilikuwepo. Nilikuwa bado mwanafunzi wa madarasa ya mwanzo, tumekwenda na mama ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, kwa ndugu wa baba. Bibi tulimwacha mgonjwa, lakini alikuwa ameumwa muda mrefu hata ugonjwa wake tulishauzoea. Asubuhi moja simu ikaja kwamba bibi hatunaye. Mama alisema neno moja, "Nisubirini." Ile simu yetu ilikuwa na sauti kubwa, hata mimi niliyekaa pembeni nilimsikia mama mdogo akijibu, "Tunakusubiri, dada. Wewe njoo."

Tukafika mtoni, maji yamepwa. Anayeujua Ruvuma pale unapokaribia bahari anaelewa. Maji yakipwa, mchanga unajitokeza katikati ya mto, na kivuko kinakaa pembeni kama kibanda mpaka bahari irudi. Mama aliketi juu ya furushi lake akautazama ule mchanga. Watu wa kivuko walimhurumia, mmoja akamletea maji ya kunywa, lakini hakuna wa kuisukuma bahari. Mama akapiga simu nyumbani kusema amekwama. Haikupatikana. Akapiga tena na tena. Alasiri ilikuwa imeshapita tulipoingia kijijini, na tuliwakuta wanaume uani kwa bibi wananawa udongo mikononi.

Mama mdogo alikuwa mlangoni. Akasema, "Dada, maiti haicheleweshwi." Mama alikaa uani, mgongo kwenye ukuta, mpaka giza likaingia, na tangu siku ile hakumwita tena "mdogo wangu".

Nimeyaeleza haya mapema ili asije mtu akadhani mama yangu ana roho mbaya. Mama yangu ndiye anayefunga Jumatatu na Alhamisi. Akimwona mbuzi wa mtu amenasa kwenye kamba anaacha jembe aende kumnasua. Yule unayemjua hivyo, ndani yake mlikuwa na kitu kigumu kama kokwa, na kila mtu alikijua kilipo.

Mama mdogo aliumwa sukari. Miguu yake ilianza kufa ganzi taratibu, akawa anatania kwamba ameanza kutembea kwa kukisia. Siku moja anapika, kaa la moto likadondoka, akalikanyaga. Hakusikia kitu. Alinusa kwanza, akadhani ni samaki anaungua, akageuka kutazama chungu. Kumbe ni yeye. Kidonda hakikufunga. Alipelekwa hospitali mjini, akakaa huko, akarudishwa tumuuguze nyumbani, na nesi wa zahanati yetu akawa anapita kumwona. Nesi yule alituambia jambo ambalo sijalisahau. Alisema, "Mguu unaouma mimi hauniogopeshi. Huu usiouma ndio unaoninyima usingizi."

Siku zikaenda. Mara homa, mara nafuu, mara haongei, mara anaomba pweza wa nazi. Kwetu mgonjwa akikaa sana katikati, haponi wala haondoki, watu wanaanza kumtafuta aliyemshika. Wanasema kuna ndugu mwenye kinyongo naye, na roho haipati njia mpaka huyo ndugu amwachie. Basi huyo anaitwa, anapewa kikombe cha maji, anayatia mdomoni, anampulizia mgonjwa kifuani na kusema, kama ni mimi, nimekuachia. Ndiyo maji ya radhi. Wapo masheikh wanaosema hiyo ni mila haina mahali pake, ila akiugua mtu nyumbani kwao kikombe kinaletwa vilevile.

Mtafutwaji hakuhitaji kutafutwa. Binti wa mama mdogo, ambaye ni mkubwa kwangu na namwita dada, alinikamata siku moja nafua uani.

"Umemwambia mama mkubwa?"

"Nimemwambia."

"Kasemaje?"

"Kasema amesikia."

"Amesikia," akarudia, akakamua shuka kana kwamba ni shingo ya mtu. "Mama yangu analala hapa anaoza mguu, na mama yako amesikia. Mwambie aje amwachie. Kama hampendi, basi angalau amwonee huruma apumzike."

Neno hilo nililibeba njia nzima. Siku hiyo sikujenga hata msingi.

Nilimkuta mama anamenya muhogo wa kukausha makopa. Nikaketi, nikachukua kisu changu, nikamenya naye kwanza, maana maneno mengine huwezi kuyatoa mikono ikiwa mitupu. Kisha nikasema kama nilivyotumwa.

Mama hakusimamisha kisu. "Kwani roho za watu nazitoa mimi?"

"Watu ndivyo wanavyosema, mama."

"Ningekuwa natoa roho, si ningeanza na jogoo wa jirani anayenilia mtama?"

Nikacheka, naye akacheka kidogo. Nikaona hapo ndipo pa kupenyea. "Mama, sema tu hayo maneno. Yaishe."

"Niseme tu." Akaniangalia. "Wewe fundi, ukishona nguo kwa maneno inavalika?"

Yeye akaendelea, sauti ya chini, kama anaongea na muhogo. "Hii hasira sikuiomba. Sikwenda dukani kuinunua. Nasali, naomba initoke, nalia kwenye msala mpaka unalowa. Nikiinuka naikuta hapo nje inaningoja pamoja na kandambili. Aliyeniumba anaijua kuliko nyie. Sasa niende nimdanganye yeye kwa kikombe cha maji?"

Kisha akasema, "Kuna uji umebaki pale jikoni. Upeleke unakotaka." Uji haukuwa umebaki. Ulikuwa umepikwa sasa hivi, bila sukari, na hapa kwetu hakuna anayekunywa uji bila sukari isipokuwa mgonjwa mmoja.

Mimi niliishia kidato cha pili, na madrasa niliishia pale wenzangu walipoanza kuwa wazuri. Lakini jambo hili lilinikaa kifuani. Tulifundishwa kwamba hasira inaletwa na shetani, ukikasirika kaa chini, ukishindwa chukua udhu. Sawa. Lakini shetani anapoileta, anaiweka wapi? Lazima awe amekuta mahali pamechongwa tayari pa kuiweka, na mahali hapo hakupachonga yeye. Mungu ni mwema, hilo sina shaka nalo, nimeliona kwenye mambo mengi, hata kwenye mvua. Sasa Mungu mwema anamuumbaje mama yangu na moyo unaoweza kukaa miaka umekunjwa? Na mimi je, ambaye siku nyingine nikiona kilima cha nguo za mgonjwa, kinanijia kichwani kitu kibaya, nikajiona mchafu siku nzima?

Nikaenda kumuuliza ustadhi aliyetufundisha. Si mzee, ana watoto wadogo wengi na baiskeli inayokatika mnyororo kila wiki. Nilimkuta ameipindua matairi juu, mikono imejaa grisi. Ndiye aliyesalisha jeneza la bibi.

"Ustadhi, hasira kaiumba nani?"

"Nani tena kakukasirisha?"

"Nauliza tu."

Akazungusha pedali, mnyororo ukatoka tena. "Muumba ni mmoja. Kila kitu chake."

"Hata kinyongo?"

"Moyo ni wake. Kinyongo ni wewe unavyoutumia."

"Mama anajaribu kutokuutumia, haiwezekani."

Akaacha mnyororo akafuta mikono kwenye majani. Alishajua tunamzungumza nani. "Sikiliza. Mitume walilia. Mitume walikasirika. Yupo nabii alimlilia mwanawe mpaka macho yakapotea, na hakuambiwa wewe si mja mwema. Kwa hiyo kuwa na huzuni si kosa, kuwa na hasira si kosa. Nikikuambia zaidi ya hapo nitakuwa natunga."

Nikamwambia habari ya mguu wa mama mdogo, kwamba pengine moyo nao ni hivyo. Usipouma, mtu anakanyaga moto hajui. Pengine Mungu alituwekea machungu ili tunuse mapema.

Akatabasamu. "Umefikiri vizuri. Lakini mguu wa mama yako umeshatoka kwenye moto siku nyingi, na bado unauma. Hayo maumivu yanamwonya nini sasa?"

Jibu yeye mwenyewe hakuwa nalo, na nilimpenda zaidi kwa kutojifanya analo. Nilipokuwa naondoka akaniambia, kama mtu anayeongea na baiskeli, "Siku ile mimi nilisalisha tu. Kuharakisha ni sunna, lakini kuharakisha si kukimbia. La kungoja au kutongoja ni la wenye msiba." Sikulielewa, nikaliacha njiani.

Mama alikwenda hatimaye, na alikwenda kwa ajili yangu. Nilikuwa nimeketi chini ya mkorosho nanyofoa korosho kwenye mabibo, nikasinzia na bibo mkononi, maji yake yakanichuruzikia kwenye gauni. Nilipofumbua macho mama amesimama ananitazama. Sijui alikuwa amesimama tangu lini. Akasema, "Umekonda." Kisha akasema, "Vaa mtandio. Twende tukayamalize, uache kutumwa kama barua."

Tulipoingia kwa mama mdogo habari ilikuwa imetutangulia. Chumba kilikuwa na shangazi, majirani, binti yake akiwa amesimama kichwani pa kitanda. Kikombe kilikuwa tayari juu ya kigoda, kimefunikwa na sahani kama chai ya mgeni. Mama mdogo alikuwa ameinuliwa kwa mito. Alimtazama mama, kisha akatazama chini. Alikuwa amekuwa mdogo sana, mabega kama ya mtoto.

Mama akachukua kikombe. Akasema bismillahi. Akayatia maji mdomoni, mashavu yakajaa, akamwinamia mama mdogo. Nilimwona mama anajaribu. Alikaa ameinama hivyo kitambo kirefu, maji mdomoni, macho kwa macho na mdogo wake, na kisha koo likapanda likashuka.

Aliyameza.

Mama akakirudisha kikombe taratibu. "Siwezi," akasema. "Bado ninayo. Ningekupulizia ningekuwa nimekupulizia uongo, na wewe ni mgonjwa, hustahili uongo." Kisha yakamtoka yote, kwa sauti ya kawaida tu, bila kupaza. "Uliniambia unanisubiri. Ungesema hatuwezi kukusubiri, ningelia mtoni nikamaliza. Ulisema unanisubiri. Nilikaa juu ya furushi nakuamini."

"Mama mkubwa," binti yake akasema, "umemnyima hata mate."

"Nimemnyima."

Shangazi akajitanda khanga vizuri akatoka, na wengine wakamfuata, kila mmoja ana kitu cha kwenda kusimulia. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama mdogo alikuwa analia bila sauti. Lakini mama hakuondoka. Alisogea miguuni pa kitanda, akainua shuka, akautazama mguu.

"Nani kafunga hiki kidonda?"

"Mimi," akasema binti yake.

"Umekifunga kama mzigo wa kuni. Chemsha maji, tia chumvi. Na wewe," akanigeukia, "kalale."

Kuanzia hapo mama akawa anakwenda yeye. Asubuhi shambani, adhuhuri kwa mdogo wake, jioni tena. Alikisafisha kidonda, alimwogesha, alimtolea maneno makali binti yake kuhusu usafi wa sufuria. Na hakumwachia. Watu walishindwa kulielewa jambo hilo, nami nilikuwa mmojawao. Jirani alimuuliza waziwazi, "Kama umemkasirikia, mbona unamwogesha?" Mama akamjibu, "Hasira yangu haina mikono. Mikono ni yangu."

Kati yao hayakuwepo mazungumzo. Geuka huku. Inua. Inauma? Haiumi. Basi. Wakati mwingine mama mdogo alikuwa anamtazama mama akiwa ameinama kwenye mguu, anataka kusema kitu, kisha anafumba macho anajifanya amelala.

Uchovu ule sijui niuelezeje. Si ule wa kubeba magunia, huo unalala unaisha. Huu unaamka nao. Mama aliyekuwa anaimbaimba akipepeta mchele alinyamaza. Alianza kusahau vitu, anatia chumvi mara mbili, ananiita kwa jina la marehemu dada yake baba. Mimi nilijaribu kumchekesha, nikamweleza duka langu lilipofikia, nikamwambia nitamshonea gauni la kwanza bure, la pili atalipa. Alisema "mhm" na macho yako mbali. Na mvua za kwanza zikaanza, kuni zikalowa, na kila kitu kikawa kazi mara mbili.

Asubuhi moja tulikuwa uani kwa mama mdogo, chini ya dirisha lake. Mama anapuliza moto wa kuni mbichi, moshi unamwingia, machozi yanamtoka. Moto ukazima tena. Akaketi chini kwenye matope, hakutafuta hata kigoda, akasema peke yake, "Ee Mola, kama utamchukua, si umchukue leo, nilale."

Aliposikia alichokisema aliweka mkono mdomoni. Akanitazama kuona kama nimesikia. Nikajifanya nachagua kuni.

Ndani, mama mdogo akaita. "Dada."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba wa bibi namsikia anaita hivyo. Mama akainuka kama mtu anayeitwa mahakamani. Nilimfuata mpaka mlangoni.

"Nimekusikia," mama mdogo akasema.

Mama akaanza, "Mimi sikuwa..."

"Usione aibu. Maneno hayohayo nilimsemea mama."

Mama akasimama alipo.

"Wewe ulikuwa ng'ambo," mama mdogo akaendelea. Alikuwa anapumzika kila baada ya maneno machache. "Sikulaumu, na hata ukiwepo ulikuwa na nyumba yako. Lakini mama nilimbeba peke yangu. Kama unavyonibeba sasa, tena bila binti wa kunisaidia, wangu alikuwa bado mdogo. Alipokata roho, dada, sikulia. Niliona kama mtu kanitua mzigo. Nikakuambia tunakusubiri, na nilimaanisha. Kisha nikakaa pale, wanakuja, wanauliza sanda, wanauliza maji, wanauliza wali. Ustadhi akasema tunaweza kukungoja mpaka alasiri, na ikibidi na zaidi. Mimi ndiye niliyesema hapana. Nikazima simu."

"Ulizima simu."

"Nilizima. Nilitaka wamzike watoke, nilale. Ndiyo hiyo tu. Hakuna sheria wala sheikh. Usingizi."

Mama akaketi kwenye kigoda kile kilichowekewa kikombe siku ile. Kuku mmoja aliingia chumbani, akazunguka, akatoka, hakuna aliyemfukuza.

"Nilikuona umelala," mama akasema mwishoni. "Magharibi ile. Nilichungulia ndani nikakuona umelala unakoroma, nikasema huyu hana hata uchungu wa mama yake."

"Sikuwa nao. Uchungu ulikuja baadaye. Ulipokuja ulinivunja, na wewe nilishakupoteza, sikuwa na wa kulia naye."

Mama aliinuka, akatandika mkeka pale chini kando ya kitanda, akajilaza vilevile na matope yake, akajifunika mtandio usoni. Nilidhani analia. Nikasogea, nikakuta amelala. Usingizi mzito, mdomo wazi, mchana kweupe.

Nilitaka kumwamsha ahamie penye hewa. Mama mdogo akaninyooshea mkono. "Muache." Kisha akanong'ona, "Vuta hilo pazia, jua linampiga." Nikavuta. Akanituma niwafukuze watoto waliokuwa wanapiga kelele nje, nikawafukuza. Siku nzima ile mgonjwa ndiye aliyekuwa mlinzi. Binti yake alipoingia na sufuria, alitolewa kwa kidole.

Mama aliamka alasiri, uso una alama za mkeka. Akatazama huku na huku kama hajui yuko wapi. Kisha akasema, akijifunga khanga, "Nimekuachia."

"Kwa lipi? La simu au la mama?"

"Yote. Usinichoshe."

"Sema vizuri, wasije wakasema hukusema."

"Nimekuachia, mdogo wangu, duniani na akhera. Umeridhika? Chai iko wapi?"

Mama mdogo akacheka, kicheko chenye kikohozi. Mama akamimina chai, akanywa nusu kikombe, ndipo akasema bila kumtazama, "Na wewe uniachie lile la asubuhi."

"Hilo bado. Nalifikiria. Niulize jioni."

Jioni alimwachia. Nilikuwepo.

Sasa wale waliosema roho imeshikwa wana kazi, maana mama mdogo hakuondoka. Wala hakupona. Mpaka naandika haya yupo, mguu wake una siku njema na siku mbaya, na dada yake bado anamwogesha na bado anachoka. Tofauti ni kwamba siku hizi wanabishana kwa sauti, mpaka jirani analalamika.

Mama aliniambia baadaye kwamba siku za mwanzo alijisikia kama mtu aliyetoka nyumbani akasahau kitu, anajipapasa, hajui ni nini. Nilimuuliza kama ni Mungu aliyeiondoa ile hasira. Akasema hajui. Akasema labda hakuiondoa, labda ilichoka yenyewe ilipoona yeye naye amechoka.

Mimi bado najiuliza. Siku hizi namwamini Mungu bila kumtetea sana, maana sioni kama ameniajiri kazi hiyo. Ninachokijua ni kidogo. Mama yangu alikuwa na hasira na alikuwa mwema, vyote kwa wakati mmoja, ndani ya mtu mmoja, na sikuona kimoja kikimfukuza mwenzake. Mama mdogo alimchoka bibi na alimpenda bibi. Kama moyo wa mtu wa kijiji chetu hiki cha Ziwani unaweza kuchukua yote hayo bila kupasuka, basi aliyeuumba aliujua ukubwa wake. Kwa nini hakutuumba wepesi zaidi, hilo sijajibiwa. Nikimweleza ustadhi anasema niendelee kuuliza, ila nisimuulize wakati anatengeneza mnyororo.

Leo ni zamu yangu, nimemwambia mama abaki alale. Uji uko motoni, hauna sukari.